Kurasa Tatu za Sarufi

Harufu inayonijia kwanza nikiukumbuka utoto wangu kule Gazi si ya bahari wala ya matope ya mikoko, ambayo wageni hupenda kuisimulia. Ni ya mchele unaoungua. Haukuwa ukiungua kwa uzembe wa mpishi. Uliunguzwa kwa makusudi, kila Alhamisi baada ya adhuhuri, uani kwa Maalim Hamadi, ndani ya kikaango cha chuma kilichomeguka ukingo, na mwenye kuunguza nilikuwa mimi. Nilitia konzi mbili za mchele kikaangoni pakavu, nikazikoroga kwa kijiti mpaka zikawa rangi ya hina, kisha rangi ya kahawa, kisha zikatoa moshi uliokaba koo na kuwa nyeusi tititi. Hapo niliziteremsha, nikazisaga juu ya jiwe, nikatia maji ya moto, nikachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, halafu nikaongeza utomvu wa mkanju uliolowekwa tangu asubuhi na matone machache ya ndimu. Kilichobaki kwenye kibakuli kilikuwa wino wa wiki nzima, wa mbao za wanafunzi wote pamoja na kalamu ya mwalimu mwenyewe. Mama yangu, ambaye siku nyingi alitulisha muhogo kwa sababu mchele haukuwapo, alikuwa akininusa nguo nikirudi na kusema, "Wenzenu wanautafuta wa kula, nyinyi mnauchoma." Alisema kwa mzaha, lakini kila mara alihakikisha kwamba konzi mbili za Alhamisi hazikosekani, kwa maana aliamini kuwa mchele uliokwenda kwa Maalim haukupotea.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Siku zile umri wa mtoto ulihesabiwa kwa mvua na misiba, na sina cheti cha kukuonyesha. Najua tu kwamba ilikuwa miaka ya hamsini, na kwamba baba alikuwa kibarua katika mashamba ya miwa kule Ramisi, akija nyumbani Ijumaa kwa baiskeli na kuondoka kesho yake alfajiri. Siku nyingine zote tulikuwa watatu: mama, mimi, na ndugu yangu Athumani wa miaka minne. Kati yangu na yeye mama alizika wawili, basi hakupenda Athumani asifiwe mbele za watu. Jirani akisema mtoto amenawiri, mama alijibu haraka, "Amenawiri wapi, na masikio hayo ya popo." Na kweli masikio yake yalikuwa makubwa, jua la asubuhi likipita ndani yake yakawa mekundu. Alinifuata chuoni kwa Maalim kila Alhamisi, akachuchumaa kando ya mafiga akisubiri zile punje zilizoruka kabla hazijaungua. Wino ukishakuwa tayari, alichovya kidole akajichora masharubu, na Maalim alimkuta hivyo akamwinamia kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, Maalim mdogo." Athumani alimjibu "Marahaba" bila hata kutabasamu, kama mtu aliyezoea kuamkiwa.

Maalim Hamadi alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kikohozi, na sisi watoto tulimwogopa chini ya kiasi kinachotakiwa. Fimbo alikuwa nayo, ila aliitumia zaidi kukunia mgongo. Asubuhi alifundisha Kurani. Alasiri, watoto wakishakwenda zao, alikaa kwenye baraza ya ndani na kuandika kitabu ambacho watu wa Gazi walikiheshimu bila kujua ni cha nini. Mimi nilijua, kwa sababu wino ulikuwa wangu na nilihisi nina haki ya kuuliza. Nilimwuliza anaandika nini, akasema anaandika sarufi. Neno lenyewe lilikuwa geni kwangu, nikadhani ni jina la mji. Akaiweka kalamu chini, na hiyo ilikuwa dalili kwamba jibu litakuwa refu.

Sarufi, alisema, ni kanuni za lugha: ile njia ambayo neno huipita likatoka kinywani likiwa na maana, na ambayo kila mtu huipita bila kujua kuwa ipo, kama vile hujui unavyopanga miguu yako unapotembea. Asili ya neno ni Kiarabu. Waarabu husema sarf, na maana yake ya mwanzo ni kugeuza, kukitoa kitu katika hali moja na kukitia katika nyingine. Hata sarafu unayopeleka dukani imepita mlango huo huo, kwa kuwa nayo hugeuzwa ikawa chumvi au mafuta ya taa. Wataalamu wao wa zamani waliona kwamba neno moja hugeuka likazaa mengine, kama unga mmoja unavyogeuka uji, ugali na mkate. Elimu ya kugeuka huko wakaiita sarf, na elimu ya kuyapanga maneno yakasikilizana wakaiita nahw, ambayo kwetu ni nahau. Sisi Waswahili tukalichukua lile la kwanza, tukaliongeza irabu mbili lipate kupita vizuri ulimini, likawa sarufi, kisha tukalitwika mizigo yote miwili. "Neno la watu," alisema, "lakini tumelilea sisi, na mlezi naye ana haki." Halafu akanieleza kwamba katika vitabu vya sarufi ya Kiarabu alivyosoma yeye, tangu kurasa za mwanzo mpaka za mwisho, yumo mtu aitwaye Zaid ambaye kazi yake ni kumpiga mtu aitwaye Amri, ili wanafunzi waone nani mtenda na nani mtendwa. Nikamwuliza huyo Amri alifanya kosa gani. Maalim alicheka mpaka kikohozi kikampanda. Akasema, "Hakufanya kosa lolote, binti yangu. Anapigwa karne na karne, na hajatokea wa kumwamulia."

Yeye katika kitabu chake hakutaka apigwe mtu. Mifano yake ilikuwa ya watu wa Gazi wakipanda minazi, Hamisi akisuka makuti, wengine wakikaanga samaki. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hati ndogo iliyonyooka, na alikuwa na miaka mingi katika kazi hiyo. Skuli ya serikali ilikuwa imeanza kuwavuta watoto, na huko walikuwa na kitabu chao cha kanuni za Kiswahili, kilichopigwa chapa, kilichowaambia wana wa pwani kwamba namna mama zao wanavyosema ina makosa. Maalim hakukitukana kitabu hicho. Alisema kina faida nyingi, ila kimeandikwa na mtu aliyetukuta tunazungumza, naye akapita. Alitaka kiwepo cha mtu aliyekuwamo katika mazungumzo tangu mwanzo. Kwa nani angekipeleka, na nani angekipiga chapa, hakuniambia, na sidhani kwamba alijua.

Lazima nieleze jambo moja ili kinachofuata kifahamike. Kwetu, herufi ya Kiarabu ilikuwa herufi ya Mungu, basi. Karatasi yenye maandishi hayo ikionekana njiani iliokotwa, ikabusiwa, ikawekwa juu ambapo mguu haufiki. Mama hakujua kusoma, na mlangoni kwetu alitundika kipande cha karatasi kilichotoka kwenye kifurushi cha tende, chenye maandishi ya kijani, na kila akitoka alikigusa kwa vidole na kuvipeleka kifuani. Siku moja Maalim alipita kwetu, akakisoma, akanivuta kando. Kilikuwa na jina la mfanyabiashara wa Basra na uzito wa tende. "Usimwambie mama yako," alininong'oneza. "Kinamtuliza, wala hakimdhuru." Nilijiona mkubwa sana kwa kuaminiwa siri hiyo. Hivyo siwezi kusimama leo nikasema sikujua kwamba herufi zile zinaweza kuandika chochote. Katika nyumba yetu, mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Athumani alianza homa siku ya Jumapili. Jumatatu hakula, na hakunifuata kisimani. Jumanne asubuhi ngozi yake ilikuwa moto kiasi cha kuhisiwa kabla ya kumgusa, na macho yake yalikuwa yamegeukia pembeni. Mama alijaribu kila dawa mpaka maji ya mwarobaini, akamwosha, akamfukiza, na mtoto hakubadilika. Ikabaki kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya za Kurani zinazoandikwa na mtu mwenye elimu, kwenye sahani nyeupe au karatasi, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji yenye marashi na mgonjwa akayanywa, siku tatu kwa kawaida. Mama alijua kuwa Maalim alitarajia kusafiri kwenda Mkwiro, kwenye kisiwa cha Wasini, alikofiwa na dada yake, ila hakujua kama ameondoka. Aliniita mlangoni, akanishika mabega, na maneno yake ninayo neno kwa neno. "Mbio kwa Maalim, mwambie ndugu yako hali yake hii, akuandikie kombe la siku tatu. Ukikuta amekwishaondoka, rudi mbio usisimame na mtu, nimfunge mgongoni nimpeleke Msambweni leo hii hii, sitamngoja baba yenu."

Maalim alikuwa ameondoka alfajiri ile. Nilijua hata kabla sijatoka nyumbani, kwa sababu ufunguo wa kasha lake alikuwa amenipa mimi jana yake, nimtazamie makaratasi yake mchwa wasiyaingie. Ningeweza kumjibu mama pale pale mlangoni. Nilikwenda hata hivyo, nikafika uani kwake, nikasimama. Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawajasema lolote juu ya mficha hospitali. Msambweni haikuwa mbali, mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu, lakini sisi watoto tuliiogopa kuliko kaburi. Tulisikia kuna wenye ukoma wanaokaa huko, na mwaka uliotangulia mtoto wa jirani alipelekwa akiwa anazungumza na kurudishwa amefunikwa shuka. Nimekuja kufahamu baadaye kwamba watu walipeleka wagonjwa wao wakiwa wamechelewa, wagonjwa wakafa, na kwa kuwa walikufa watu wakazidi kuogopa na kuzidi kuchelewa. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuona mduara kama huo. Nilimwona Athumani tu, anachukuliwa, nami nabaki.

Nilifungua kasha. Kitabu cha sarufi kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa kitambaa, kurasa zimepangwa lakini hazijashonwa. Nilichukua tatu za juu, moja ya kila siku. Nilipokuwa mtu mzima, nikitafuta pa kuegemea, nilijaribu kujidanganya kwamba nilichagua kitabu kile kwa sababu neno sarufi asili yake ni kugeuza, na katika dua zetu Mungu huombwa kwa neno la shina hilo atugeuzie mabaya yaende mbali. Si kweli. Sikufikiria neno lolote. Nilizichukua kwa sababu zilikuwa juu, na kwa sababu zilifanana na kinachotakiwa.

Mama alikuwa amekwisha tayarisha kanga ya kumfungia mtoto mgongoni. Aliponiona na karatasi, alikaa chini kwa kishindo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akauliza kama nimemkuta. Nikasema nimemkuta mguu nje, mguu ndani, ameniandikia kwa haraka. Akaifunua ile ya kwanza, akaishika kwa ncha za vidole. "Mbona wino mweusi? Si huandika kwa zafarani?" Nikasema zafarani imemwishia. Uongo wa pili huja wenyewe, wa kwanza ukishafungua mlango. Akaweka karatasi kwenye sahani, akamimina maji, akatia marashi, na wino wangu wa mchele ukaachia mara moja, kwa kuwa niliutengeneza vizuri na wino mzuri wa chuoni ni ule usiong'ang'ania. Mistari ya Maalim ikalegea, ikaogelea kidogo, ikawa maji ya kijivu. Athumani alikunywa yote. Aliukunja uso kwa ile ndimu, akanitazama, na nilijua ameitambua ladha.

Jumatano homa ilishuka. Nalisema hili kwa uchungu kuliko yote, kwa maana kama isingeshuka labda tungeokoka. Aliketi, akaomba uji, akauliza kama Alhamisi imefika. Mama alilia kwa furaha, akasema, "Maneno ya Mungu hayo." Mimi nami, mjuzi wa karatasi za tende, niliamini. Nilijiambia kwamba huenda Maalim ni mtu mwema kiasi kwamba chochote anachoandika kina baraka, hata Hamisi na makuti yake. Alasiri homa ikarudi ikiwa imeongeza. Mama hakutetereka, siku tatu ni siku tatu, na dawa haikatizwi njiani. Alhamisi mtoto alikunywa karatasi ya tatu akiwa hajui anachonyweshwa. Sikwenda kuunguza mchele. Nilikaa kizingitini nikisikia pumzi zake, na mara mbili nilifungua kinywa nimwambie mama, na mara mbili nilikifunga kwa sababu alikuwa anatabasamu, akiniambia, "Inatoka hiyo. Homa ikitaka kutoka hupiga kelele."

Ijumaa baba alifika mapema akamkuta mwanawe ana degedege. Hakuuliza habari. Aliwapakia mama na mtoto nyuma ya baiskeli, akaikanyaga kuelekea Msambweni katika ile njia ya mchanga, mimi nikibaki nimeshika sahani. Waliniambia baadaye kwamba walifika mtoto bado anapumua, wakapokelewa vizuri, na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aliyekuwapo alifanya alichoweza. Mtoto alikata roho kabla watu hawajatoka msikitini. Dresa huyo alikuwa mtu mpole, alimuuliza baba homa ina siku ngapi, na baba alipomjibu, akasema, "Jumanne angepona, mzee. Jumatano pia." Alisema kwa nia njema, ili siku nyingine mtoto asichelewe. Baba alilileta neno hilo nyumbani, akalirudia mbele yetu mara moja tu, na hakulitaja tena maisha yake yote.

Maalim Hamadi alirudi baada ya siku tisa. Alikuja moja kwa moja kwetu kutoa mkono wa tanzia, akaketi mkekani akasoma, na alipomaliza mama aliingia ndani akatoka na karatasi tatu, zimekauka, zimekunjwa ndani ya leso safi. Karatasi iliyobeba jina la Mungu haitupwi ovyo, na yeye alizihifadhi. "Amana yako hii, Maalim. Ahsante kwa kuhangaika nasi na safari imekukabili. Mungu hakujaalia." Maalim alizifunua. Zilikuwa nyeupe, ila pembeni palibaki vivuli vya mistari, na mtu hushindwaje kuijua hati yake mwenyewe? Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha akazitazama tena. "Mponyaji ni Mungu, mama Mwanamisi," alisema taratibu. "Sisi huandika tu." Ndipo mama alipolisema lile lililokuwa likimla. Alisema siku ile ya kwanza alikuwa amechanganyikiwa, alishika maandishi, akayaosha kwa mikono yake, na hakumbuki kama alikuwa na udhu. Je, yawezekana ni yeye? Yawezekana aya zilikataa kwa sababu ya mikono yake? Maalim aligeuka akaningoja. Nakumbuka jinsi alivyoningoja, bila hasira, kama anavyomngoja mwanafunzi aliyesahau aya na ambaye akipewa nafasi ataikumbuka. Mimi niliutazama mkeka. Mwishowe akasema Mungu ni mwingi wa rehema, akaaga.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda uani kwake nikiitaka fimbo. Ningeipokea kwa shukrani. Alikuwa ameketi na lile kasha limefunguliwa, na fimbo ilikuwa mbali. Aliniuliza swali moja, "Ulijua kuwa si Kurani?" Nikasema nilijua. Akatikisa kichwa. Akasema kurasa nilizochukua zilikuwa za mwanzo, pale alipoeleza sarufi ni nini na neno lenyewe limetoka wapi, yale yale aliyonisimulia siku ile, na kwamba alizinakili mwaka ule kwa wino wangu kutoka kurasa za ujana wake zilizokwisha kuliwa na mchwa, na hawezi tena kuzipata kama zilivyokuwa. Hakuwa akinilaumu, alikuwa akiniarifu. Nilimsihi amwambie mama. Alikataa. "Hilo ni lako, si langu. Nikimwambia mimi leo, nitamwondolea mtoto wa pili, na huyo ndiye aliyembakia. Ngoja ukue, utamwambia wewe, atakuwa na nguvu ya kulipokea." Nadhani alikosea, na nadhani alijua kwamba anakosea, lakini yeye pia alikuwa mtu tu. Hakuniambia niwashe moto. Kuanzia siku ile wino alinunua dukani, wa chupa, na kitabu hakukiandika tena. Alifariki kabla sijavunja ungo. Jamaa zake waliligawa lile kasha kwa ajili ya mbao zake nzuri, na yaliyokuwa ndani yalihifadhiwa darini, mahali pa heshima, mchwa wakayamaliza.

Siku hizi kutoka Gazi hadi Msambweni ni lami, na pikipiki hukufikisha kabla chai uliyoiacha nyumbani haijapoa. Mtoto akichemka saa moja, saa mbili amekwishatobolewa kidole, amepimwa, amepewa vidonge. Nami husimama barabarani nikiwaona akina mama wachanga wakipita na wana wao, na badala ya kufurahi kama ipasavyo, nahisi wivu ambao naomba Mungu anisamehe. Sarufi nayo haina ugeni tena. Imo katika kila mfuko wa mwanafunzi. Mjukuu wangu alinijia juzi na kitabu chake akitaka maana yake, nikamwambia ni kanuni za lugha. Akataka na asili ya neno, nikamwambia ni Kiarabu, sarf, kugeuza. Akaandika mstari mmoja akaridhika, akaniuliza nimejuaje mambo hayo na sikusoma skuli, nikamwambia akamalize kazi yake. Baba alikwenda na neno la dresa kifuani. Maalim alikwenda na kitabu kisicho na mwanzo.

Mama aliishi muda mrefu, na hapo ndipo hesabu yangu inapokataa kabisa kufungika. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilimwona akitawadha. Alitawadha kabla ya kupika, kabla ya kumbeba mtoto wa mtu, kabla ya kugusa mlango wa chumba chenye mgonjwa. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya kutafutwa, alitawadha mpaka ngozi ya mikono yake ikapasuka. Kila mwaka niliahidi kumwambia. Kwanza nilikuwa mtoto, kisha nilikuwa mchumba wa mtu na sikutaka aibu, kisha nilikuwa na wanangu ambao aliwalea kwa mikono ile ile, kisha alikuwa mzee na niliogopa kumuua. Katika ugonjwa wake wa mwisho, asubuhi moja nikimlisha uji, aliniuliza kama naikumbuka siku ile ya kombe. Nikasema naikumbuka. Akasema, "Wewe ulikuwapo, Mwanamisi. Nilikuwa na udhu, au sikuwa nao?" Nikamwambia, "Ulikuwa nao, mama." Alinitazama kwa huruma, akaupapasa mkono wangu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na ninaumwa. Akasema, "Ulikuwa mtoto, mwanangu. Ungejuaje." Nikachota kijiko kingine cha uji, nikampa.